Kwenda Beni kwa Ajili ya Damu ya Kulungu

Niliondoka Butembo kwenda Beni kwa sababu nilikuwa nimesema uongo, na uongo huo ulikuwa umemfukuzisha mwanamke kazi. Ningependa kuwaambia kwamba nilisafiri kutafuta elimu, au kumsalimia mjomba. Mjomba ninaye Beni, na sikufika kwake. Nilikwenda kujivua nguo mbele ya watu, kwa namna ya kusema, na nilikuwa na miaka arobaini na mbili.

Mimi si daktari. Ni muuguzi wa mifugo, na ninafanya kazi katika maabara ndogo ya Vulamba, mtaa wa Butembo. Lakini kwetu, mtu akivaa blouse nyeupe ya hospitali na kushika sindano huitwa docteur, na mimi sikuwahi kumkataza mtu yeyote kuniita hivyo. Miezi miwili kabla ya safari hii, mfanyabiashara mmoja wa Beni aliniita. Ni mwenye malori, Mwislamu, na wote humwita Hadji. Nyuma ya nyumba yake ana zizi la kulungu, aliloachiwa na mpanda kahawa aliyehama. Walikuwa wakubwa wanne na watoto watatu. Wakubwa walikuwa na afya njema, lakini watoto miguu ilikuwa inawatawanyika na hawakukaa wima kwa muda mrefu. Hadji alitaka damu ipimwe, ya wakubwa na ya watoto, tuone madini gani yanakosekana.

Njiani kwenda huko nilimhimiza dereva wa pikipiki akimbize, tukaanguka kwenye mteremko wa Kabasha. Sisi hatukuumia, ila vichupa vya kifuniko chekundu vilivunjika, vikabaki vinne tu. Hivyo ndivyo vinavyofaa kupimia madini. Vya kifuniko cha zambarau vilipona, lakini ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo ina potasiamu yake yenyewe, na humeza kalsiamu yote ya damu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo, na mimi nilijua pia.

Nilitia damu ya wakubwa katika vile vinne. Zamu ya watoto ilipofika, Hadji alikuwa amesimama pembeni na wageni wake wawili, na mmoja alikuwa akisema: "Huyu njo docteur mwenye anatoka Butembo." Nikaona aibu kusema sina vichupa. Nikatia damu ya watoto katika vya zambarau, nikaenda nyuma ya bomba la maji, nikang'oa vile vifuniko na kuvika vyekundu vya vichupa vilivyovunjika. Kazi yote haikuchukua muda wa kumenya ndizi.

Karatasi ya maabara ilitoka na kalsiamu ya watoto karibu sifuri, na potasiamu imepanda juu ya mti. Hadji alipouliza kwa simu potasiamu inatoka wapi, nilijibu upesi, kama mtu anayejua: kwenye majivu. Mtunzaji wa zizi, mama aitwaye Masika, alikuwa na desturi ya kuwawekea wanyama majivu ya maganda ya ndizi walambe, kama mama yake alivyowafanyia mbuzi. Majivu hayo kweli yana potasiamu. Uongo wangu ukapata mguu wa kusimamia, na Masika akafukuzwa baada ya miaka kumi na mmoja.

Nilikaa kimya miezi miwili. Kisha mwenzangu wa maabara, Kahindo, ambaye ndiye huendesha mashine, alitoa nakala ya karatasi ile kwenye jalada akaniita.

"Kambale, hii karatasi inanisumbua," alisema. "Munyama mwenye calcium ya namuna hii hasimame. Anakufa kabla umutoe damu. Bale batoto balikuwa banasimama?"

"Balikuwa banasimama. Kidogo."

"Ulitia mu tube gani?"

Nilimwambia. Kahindo hakupiga kelele. Aliondoa miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, na bila kuniangalia akasema: "Basi weye unajua njia ya Beni."

Alhamisi asubuhi, saa moja, niliondoka Vulamba kwa pikipiki. Dereva hakuwa yule wa kwanza. Alikuwa Paluku, mtu mzima mwenye watoto sita, asiyekimbia hata akifukuzwa. Kisanduku cha barafu nilikifunga kifuani kwa kitenge, jinsi akina mama wanavyofunga watoto, na watu wa kando ya barabara wakacheka. Nilikuwa na vichupa vyekundu kumi na viwili. Baridi ilikuwa kali na ukungu ulikaa juu ya migomba. Nilitamani mvua inyeshe ili barabara ifungwe.

Mvua haikunyesha. Kwenye kizuizi cha kwanza askari mmoja alikifungua kisanduku, akaona vichupa vitupu, akauliza kwa Kilingala, "Oyo nini?" Nikamwambia ni vya kutilia damu. "Damu ya nani?" Nikasema ya kulungu. Alinitazama sana, kisha akawaita wenzake waje wamwone mtu anayemfuata kulungu kwa barafu badala ya kwa mbwa. Walicheka, wakatuachia njia. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mimi pia nilicheka kidogo.

Saa mbili na nusu tulifika Maboya, na hapo kicheko kiliisha. Ni kijiji cha barabarani, penye soko la Jumamosi, na madereva husimama kula. Nilimwona Paluku anapita mbele ya banda moja lenye benchi mbili na sufuria inayotoka moshi, banda zuri kuliko mengine, akasimama mbele zaidi kwenye banda chafu lenye nzi. Nikamuuliza kwa nini hatukukaa pale pa kwanza.

"Pale? Apana, docteur," alisema. "Pale zamani njo tulikuwa tunakula maharagi ya muzuri. Lakini dada wa mwenye banda alitoka Beni, njo anapika pale sasa. Balimufukuza kwa Hadji juu alikuwa anatia kitu mu maji ya banyama. Bachauffeur ba malori ya Hadji njo balitwambia. Sasa nani atakula mu mukono ya mutu kama ule?"

"Alikuwa anatia nini?"

"Sumu, nini ingine? Docteur moja wa Butembo alipima damu, akaikuta."

Nilikuwa na mkate mkononi. Niliendelea kuumega vipande vidogo vidogo. Mpaka dakika ile nilifikiri nimemnyima Masika kazi tu, na kazi hupatikana tena. Sikujua kwamba jina lake lilikuwa linasafirishwa kwa malori kutoka Beni mpaka Butembo, na kwamba kila lori liliposhusha watu kula lilishusha na habari hiyo. Kwetu mtu akisemwa ana sumu, hata maji yake hayanywewi, wala mtoto wake haombwi chumvi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema: Paluku, yule docteur ni mimi. Nilifungua kinywa, nikasema twende, jua linapanda. Naandika hili kwa sababu sitaki mnifikirie vizuri kuliko nilivyo. Banda la Masika lilikuwa hatua hamsini nyuma yangu na sikugeuza shingo.

Kutoka Maboya barabara inashuka, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyokukaribisha. Pale Kabasha Paluku alipita taratibu, akinionyesha kona ambayo watu huanguka. Sikumwambia ninaijua.

Saa tano tuliingia Beni. Nilimkuta Hadji uani akikagua magurudumu. Alinipokea kwa salamu ndefu, akaagiza chai, akaniambia mtoto mmoja wa kulungu amekufa, yule mdogo kuliko wote. Baada ya Masika kuondoka hakuna aliyejua kumnywesha kwa chupa. Nilimwomba tukae peke yetu, na chai ilipokuja nilikuwa nimeshasema yote, kuanzia pikipiki iliyoanguka mpaka vifuniko nilivyobadilisha nyuma ya bomba.

Hadji ni mzee wa maneno machache. Alisukuma kikombe chake mbali.

"Donc majivu haikukuwa na makosa."

"Hapana, Hadji."

"Na Masika?"

"Hapana makosa."

Nilingoja anitukane, na ningependa anitukane. Badala yake alisema: "Muke mwenye alinitumikia miaka kumi na moja aliniapia kwa Mungu wake. Weye ulinitumia karatasi. Niliamini karatasi. Hiyo ni kosa ya miye, haiko ya kwako. Lakini ya kwako, utaisema mbele ya bale benye walisikia." Akaniambia nisubiri kesho, baada ya sala ya Ijumaa, madereva wake wote watakapokuwa uani.

Mchana ule nilitoa damu upya. Wafanyakazi wawili walimshika kila mnyama, tukamfunika macho kwa kitambaa ili atulie, kwa maana mnyama akipigana sana damu yake nayo hubadilika. Nilitoa kwenye mshipa wa shingo, polepole, na kila kichupa nilikishika kwenye mwanga nikihakikisha kifuniko chake ni cha kuzaliwa nacho. Watoto wawili waliobaki walikuwa wanateleza. Sakafu ya zizi ilikuwa ya saruji, laini, na imemwagiwa maji. Kila mtoto akijaribu kusimama, kwato zilikwenda kila upande, na magoti yalikuwa yamevimba na kuchubuka. Nikakumbuka kwamba siku ile ya kwanza Masika aliniambia: "Docteur, ni hii ciment njo inabaumiza. Kabla ya ciment, batoto balikuwa banaruka." Nilimjibu kwamba nimekuja kwa ajili ya damu.

Ijumaa asubuhi rafiki mmoja mwenye maabara mjini Beni alinipimia. Karatasi yake ina vipimo vya kawaida vya binadamu pembeni, kwa sababu hakuna aliyetuandikia vya kulungu, kwa hiyo niliwalinganisha watoto na wakubwa wao wenyewe. Kalsiamu ya watoto ilikuwa nzima, hata imewazidi wakubwa kidogo. Potasiamu na sodiamu hazikuwa na neno. Fosforasi tu ndiyo ilikuwa juu kwa watoto, na rafiki yangu alikuwa ameichorea mshale mwekundu. Miezi miwili nyuma ningeufanya mshale ule kuwa ugonjwa na kuupa jina la Kifaransa. Mtoto anajenga mifupa, na fosforasi yake lazima ipande. Hakuwa mgonjwa wa damu hata kidogo. Miguu yake ilikuwa inaharibiwa na sakafu, na jibu hilo nilipewa bure na mwanamke aliyeshika ufagio.

Saa nane, baada ya sala, madereva tisa walikusanyika uani na kanzu zao safi. Hadji alisimama kando yangu. Nilisema kwa sauti niliyodhani ni kubwa, na mmoja wao akaniambia niongeze. Nikasema tena. Nilisema mimi si docteur, nilisema nilibadilisha vifuniko, nilisema Masika hakutia kitu kibaya popote.

Dereva mmoja mnene aliuliza: "Donc tulitembeza habari ya uwongo mu njia muzima?"

"Ni miye niliwapa."

"Na siye njo tuliibeba," alisema, akatikisa kichwa. Hakuna aliyenifariji, na ilikuwa haki yao. Hadji, ambaye nilikuwa nimemweleza habari ya sakafu, alitangaza kwamba saruji itavunjwa wiki ile na Masika anaweza kurudi kazini siku yoyote. Paluku alikuwa amesimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi, na alikuwa amesikia kila neno.

Jumamosi alfajiri tulianza kurudi. Paluku hakuniita docteur wala Kambale. Hakuniita kitu. Tulipofika Kabasha alisema bila kugeuka: "Juzi ulikula kwa Maboya pembeni yangu, na ulinyamaza." Nikasema ndiyo.

Saa tatu tulifika Maboya. Soko lilikuwa limejaa, viazi kutoka upande wa Lubero, vitunguu, mbuzi, nguo za mitumba, na kila banda la chakula lilikuwa na watu wamekaa, isipokuwa moja. Masika alikuwa nyuma ya sufuria yake, ameketi kwenye kiti kifupi, kitambaa cheupe kichwani, anachagua mawe katika maharagwe ambayo hakuna mtu angeyala. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, na mikono yake bado ilikuwa na alama za meno ya kulungu wadogo. Aliniona kabla sijamsalimu.

"Docteur," alisema.

Nilipiga goti moja chini. Nikamweleza yote, hapo hapo, kwa Kiswahili na kwa Kinande pale Kiswahili kilipoisha. Aliendelea kuchagua mawe. Nilipomwambia kwamba Hadji anamwita kazini, hakuinua kichwa. Nilipomwambia saruji itavunjwa, aliitikia kwa koo tu. Kisha akauliza:

"Na kale kadogo?"

"Kalikufa, mama. Wiki moja baada ya weye kuondoka."

Hapo mikono ilisimama. Macho yakajaa, akayafuta kwa kiganja chenye vumbi la maharagwe. "Kalikuwa kanakunywa mu mukono yangu tu," alisema. "Nilibaambia bamupe muke mwingine, avae kitenge yangu, kasikie harufu. Hakuna mwenye alinisikia."

Nilisema nisamehe. Nilisema mara tatu, na mara ya tatu nilijisikia kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo haina watu. Alisimama, akafunua sufuria, akachukua sahani, akapakua ugali na maharagwe na mboga ya majani, sahani ya kushiba watu wawili. Akaiweka mbele yangu kwenye benchi la nje, si la ndani, upande unaotazama soko.

"Mama, siwezi kula," nilisema. "Sistahili chakula yako."

Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Sikukupatia juu unastahili. Angalia pale. Soko muzima inatuangalia. Ulikuya kusema pole kwangu miye peke yangu, hapa chini kwa masikio. Pole hiyo nitaiweka wapi? Ukikatala hii sahani, batasema ata mwenye alipima damu anaogopa mukono yangu. Kula, Kambale."

Niligeuka. Kweli walikuwa wanatazama: wauza vitunguu, madereva, akina mama wenye vikapu, mzee mmoja aliyeacha kamba ya mbuzi wake ikaburuzika. Siku tatu nilikuwa nimejidhani jasiri kwa sababu nilikiri, na kumbe aliyekosewa hakuhitaji maungamo ya sikioni. Nikanawa mikono. Nikasimama kwanza, nikasema kwa sauti ya juu kwamba mimi ndiye mtu wa maabara ya Butembo, kwamba niliongopa, kwamba mwanamke huyu hana sumu. Kisha nikakaa, nikamega tonge.

Nilikula nikisikia jasho linashuka mgongoni. Nilimaliza sahani yote na nikaifuta kwa kidole. Paluku aliisimamisha pikipiki kwenye stendi, akaja, akakaa mwisho wa benchi, na akamwambia Masika: "Mama, na miye." Wengine hawakuja.

Nilisimama ili tuage. Masika alinizuia kwa kiganja.

"Unaenda wapi? Sumu ya huku haiuwe ile saa ile. Ukienda sasa, batasema ulikufia mu njia. Baki pale mpaka soko iishe, bakuone."

Nikabaki. Nilikaa kwenye benchi lile kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja, katika jua na katika manyunyu, kama bidhaa isiyo na mnunuzi. Watoto walikuja kunitazama kama bado napumua. Mwanamke mmoja aliniuliza tumbo likoje, nikamjibu ni zima. Sijawahi kuona aibu ndefu kama ile, na sijawahi kufanya kazi yenye maana kuliko ile ya kukaa tu nikionekana. Jioni, mabanda mengine yakifungwa, yule mzee wa mbuzi alipita, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akanunua mikate miwili kwa Masika. Aliifunga kwenye karatasi. Sikuona kama aliila.

Masika alikataa kurudi Beni, lakini alimtumia Hadji maelezo marefu ya jinsi ya kunywesha watoto watakaozaliwa. Kwangu alisema neno moja tu nilipopanda pikipiki: "Jumamosi yenye kuya, ukuye tena. Bahesabu siku, baone bado uko muzima."

Nilijifunza katika safari hii kwamba kusema kweli kwa yule uliyemkosea ni nusu ya njia, tena ile nusu ya mteremko. Kupanda ni kwenda kwa wote waliousikia uongo wako na kukaa mbele yao mpaka wachoke kukutazama. Tangu siku hiyo ninakwenda Maboya kila Jumamosi. Benchi sasa linakaa watu watano, wakati mwingine sita, na hakuna anayenitazama tena ninapomeza. Masika hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Ananipakulia, ninakula.